Tarehe Aliyoichagua Wifi

Leo nina hasira. Nalisema mapema ili asitokee wa kuniuliza mbele ya safari mbona nafoka. Sehemu zilizopita nilikuwa nikiandika huku najicheka, lakini hii naiandika meno yamekazana.

Wewe uliyefungia maandazi gazeti la wiki iliyopita kabla hujalisoma, habari ilikuwa hivi. Mimi ni fundi cherehani. Mtoto wangu ni mmoja tu, wa kike, kaolewa nchi za watu, na sasa ana mimba yake ya kwanza. Mumewe anaendesha malori ya masafa marefu, leo yupo, kesho hayupo. Binti akanipigia akaniambia, "Mama, naogopa kujifungua bila wewe." Nikamwambia, "Acha ujinga. Mama yako anakuja, hata kwa kutambaa."

Tangu siku hiyo nikawa bingwa wa safari za bei nafuu. Nikajua kwamba ndege inayotua njiani ina bei ya chini kuliko inayokwenda moja kwa moja. Nikajua kwamba mwenye begi la mkononi halipii mzigo, na kwamba ukitaka kula huko angani kwa hizi ndege zetu za wanyonge, funga mikate yako. Malazi sikuyawazia kabisa, kwa sababu binti ana chumba cha wageni. Alinitumia hadi vipimo vya dirisha la chumba hicho, nikamshonea mapazia, nikamtanguliza nayo mtu aliyekuwa akielekea huko.

Mliniacha nikitoka ofisi ya wakala wa tiketi, mimi na wifi yangu, tumeshikana mikono. Tiketi ninayo! Nilipiga vigelegele palepale barabarani, watu wakageuka kutafuta bibi harusi yuko wapi.

Sasa sikilizeni.

Chumba chetu cha kazi kina watu watatu. Wifi, dada wa yule aliyekuwa mume wangu, ndiye mkataji. Mimi nashona. Wa tatu ni Mama Vifungo, anayetia vifungo, anapiga pasi, na anatia mdomo kila panapoongelewa jambo lisilomhusu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa naunga mkanda wa sketi, simu ikalia. Alikuwa yule msichana wa ofisi ya tiketi. Namwita Bi Kucha, maana kucha zake ni ndefu hadi unajiuliza anafua vipi.

"Shikamoo, mama. Nauliza kuhusu kiti. Vya dirishani bado vipo."

"Marahaba, mwanangu. Dirishani nikaangalie nini, mawingu? Niweke karibu na choo."

Akacheka. "Haya, nimekuweka. Basi tarehe yako ikikaribia nitakukumbusha." Na tarehe yenyewe akaitaja.

Na mimi nikacheka. "Hapo umesoma ya mtu mwingine. Mimi nasafiri mwezi huu huu. Hiyo ni mwishoni mwa mwezi ujao."

Nikasikia kucha zinagonga kompyuta.

"Ni yako, mama. Jina ni lako, pasipoti ni yako. Mwishoni mwa mwezi ujao."

Mguu wangu ulikuwa bado umekanyaga cherehani. Nikashona mkanda ule ukapita sketi, ukaenda kujiunga na gauni la mteja mwingine kabisa.

Mtoto anatarajiwa mwishoni mwa mwezi huu. Mwezi huu! Kwa tiketi ile, mimi nitafika mjukuu ameshazaliwa, ameshapewa jina, ameshazoea mikono ya watu wengine.

Najua mnachotaka kuniuliza. Wewe mama, tiketi hukuisoma? Sikuisoma. Kabla hamjaniita bwege, niwaeleze jinsi tunavyofanya kazi.

Kwetu, mkataji akishapima na kukata, mshonaji hapimi tena. Ukinyanyua futi mbele yake ukaiweka juu ya kitambaa alichokikata yeye, umemtukana. Ni sawa na kumwambia hadharani kwamba mkono wake huuamini. Nimeona mafundi wakigawana vyombo na kuhama chumba kwa ajili ya hilo. Miaka yote niliyofanya kazi na wifi, sijawahi kunyanyua futi.

Siku ile kwa Bi Kucha maswali yalikuwa mengi, nikatokwa na kijasho. Wifi akanigusa bega. "Kaa pale upumzike, wifi. Hili nalipima mimi." Akainama na Bi Kucha kwenye kompyuta, wakanong'ona, wakamaliza. Akanipa karatasi imekunjwa vizuri, nikaitia kifuani kama ilivyo. Ningeikunjua pale, mbele yake, nihakiki? Ingekuwa nimenyanyua futi. Hata nyumbani sikuikunjua, niliiweka chini ya godoro na kuilalia kwa raha zangu.

Haya. Nikaweka simu chini.

"Wifi. Tiketi yangu ni ya tarehe ngapi?"

Mkasi wake ukasimama katikati ya kitambaa. Kwa wasiojua, mkataji hasimamishi mkasi katikati ya kitambaa labda nyumba inaungua.

"Si ile ile?"

"Ile ile ipi?"

"Ile ya... ya bei nafuu."

"Mwezi ujao? Mwishoni?"

Akashusha pumzi, kisha akachagua kuwa mkali. "Sasa wifi, si wewe uliyekuwa unaimba bei nafuu, bei nafuu, mpaka masikio yakatuuma? Mwezi huu shule zimefungwa, kila mtu anasafiri, bei ziko juu. Mwezi ujao zinashuka. Nimekuokolea, na badala ya asante unanitolea macho!"

"Mtoto anazaliwa mwezi huu!"

"Si atakuwepo tu? Mtoto akizaliwa anakwenda wapi?"

Mama Vifungo alicheka. Akauona uso wangu, kile kicheko akakigeuza kikohozi.

"Mimi siendi kuangalia mtoto!" Nilipiga meza, pini zikaruka. "Nakwenda kumshika mwanangu mkono! Anaogopa! Kaniambia kwa mdomo wake anaogopa! Mtoto nitamwona hata kwenye picha!"

"Punguza sauti, wateja watasikia."

"Wasikie! Waje hata na viti wakae!"

Nikatoka mbio, futi shingoni, sindano zimenichomeka kifuani. Njia nzima watu walikuwa wananipisha.

Bi Kucha aliponiona akasimama.

"Mwanangu, ibadilishe hii tarehe."

"Mama, hii ni ile ya bei ya chini kabisa. Haibadilishwi."

"Basi nirudishieni nilicholipa."

"Hairudishwi."

"Basi nitamuuzia mtu."

"Haiuzwi, mama. Ina jina lako."

"Ala! Haibadilishwi, hairudishwi, haiuzwi. Sasa inafanywa nini?"

Akafikiri. "Inasafiriwa," akasema.

Nilitaka kumrukia. Lakini msichana wa watu ana kosa gani? Nikaketi kwenye kile kiti cha wateja. Nikamwambia taratibu, "Mngeniambia tu kwamba za mwezi huu zimepanda bei. Ningekopa, ningeuza hata cherehani. Mngeniambia tu."

Bi Kucha akanitazama kama mtu anayepima kama aseme au anyamaze.

"Mama, za mwezi huu zilikuwepo. Bei ile ile."

"Unasemaje?"

"Bei ile ile, ndege ile ile. Nilimwonyesha yule uliyekuja naye. Akasema hapana, weka mwishoni mwa mwezi ujao. Nikamuuliza, dada, una hakika? Akasema fanya kama nilivyokwambia, na usipaze sauti."

Usipaze sauti. Na mimi nimekaa pale nyuma, nimempa mgongo, nawaza mikate ya kufunga!

Jamani, kuna kukosewa na kuna kuzungukwa. Mtu akikosea unamfokea yakaisha, lakini aliyekuzunguka alikaa, akawaza, akapanga, halafu akakushika mkono mkatoka nje mnacheka. Nilirudi kazini polepole. Nikikasirika sana huwa napoa, wanaonijua huanza kuogopa hapo.

Wifi alikuwa kwenye meza, anakunja vitambaa vilivyokwisha kunjwa.

"Mama Vifungo," nikasema, "zima pasi utupishe kidogo."

"Pasi nazima," akasema Mama Vifungo. "Kutoka sitoki."

Nikamwacha. Nikamgeukia wifi.

"Bei ilikuwa ile ile."

Akaendelea kukunja.

"Na ukamwambia asipaze sauti. Wifi, mimi nimekukosea nini? Kaka yako aliponiacha, ndugu zenu wote waligeuka mgongo, ukabaki wewe. Tumekula sahani moja. Mwanangu umembeba mgongoni huku unakata vitambaa. Leo unanifanyia hivi kwa lipi?"

"Wifi, usinilazimishe."

"Nakulazimisha."

"Nilitumwa."

"Na nani?"

Akakaa chini, pale pale juu ya marundo ya vitambaa vya watu. Machozi yakaanza kumtoka, na mimi sikuyaonea huruma hata moja.

"Na mwanao," akasema.

"Mwongo!"

"Mpigie."

"Mwongo mkubwa wewe! Mwanangu ndiye aliyeniita!"

"Basi mpigie, wifi. Mpigie umuulize. Mimi nimechoka kulibeba."

Nikapiga, nikaweka spika ili na yeye asikie. Simu iliita, ikaita, mwishowe ikapokelewa.

"Mama! U mzima? Nimeamka na mgongo leo, hata kukaa siwezi."

Siku nyingine ningeanza kumuuliza mgongo unauma upande gani. Siku hiyo sikuuliza.

"Ni wewe uliyemwambia shangazi yako anikatie tiketi ya mwezi ujao?"

 Akauliza, "Nani kakwambia?"

Hakuuliza tiketi gani, wala hakushangaa. Aliuliza nani kakwambia! Nikashika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Mama, nisikilize kwanza..."

"Uliniambia unaogopa. Ulilia kwenye simu hii. Nikaanza kujinyima, nikala mlo mmoja, nikashona hadi vidole vikafa ganzi. Na nyuma yangu unapanga nifike mambo yameisha? Mimi ni mama yako au kichekesho chako?"

"Mama, baba yuko hapa."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Baba mkwe wako?"

"Baba yangu, Mama. Baba."

Mliosoma tangu mwanzo mnamjua huyo mtu. Kwa wageni, baba yake huyu mtoto alitoka nyumbani siku moja kwenda kununua betri za redio. Binti hata kuongea alikuwa bado hajui vizuri. Redio ninayo hadi leo, betri bado nazisubiri. Hakuna barua, hakuna salamu, hakuna shilingi. Mahali alipokuwa hapajulikani, hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Na aliyekuwa akiniambia ni huyu huyu wifi, akiapa kwamba hajui hata kama kaka yake yu hai. Tuliwahi kukaa, mimi na yeye, tukamlilia kama marehemu.

Nikamtazama pale chini alipokaa. Alikuwa amejifunika uso kwa kipande cha bitana.

"Yuko hapo nyumbani kwako?" nikamuuliza binti.

"Ndiyo."

"Mfukuze."

"Mama..."

"Chukua begi lake, lirushe nje, funga mlango. Huwezi, mwambie jirani akusaidie. Mfukuze!"

"Siwezi, Mama. Nyumba ni yake."

Hapo hata Mama Vifungo alisema lo!

Binti akaanza kumwaga yote kwa mpigo, anavuta pumzi katikati ya maneno. Mumewe alipunguziwa safari za lori, kodi ikawashinda, wakatolewa nje na vyombo vyao. Shangazi mtu akampa namba ya baba yake, kumbe yuko nchi hiyo hiyo. Baba akaja, akawachukua, akawapa vyumba viwili. Tangu mwaka jana wanaishi kwake. Mwaka jana! Na kile chumba cha wageni, kile nilichotegemea kulala bure, ndicho chumba cha kulala cha bwana mkubwa.

"Yaani mapazia," nikasema.

"Mama, mapazia si kitu..."

"Mapazia yangu! Nimeyatia bitana mbili jua lisipite! Nimeyashona kwa macho haya mabovu, kumbe namshonea yule mtu apate kulala hadi saa nne!"

"Amesema ataondoka mwanzoni mwa mwezi ujao. Ana kazi ya muda mji mwingine. Ndiyo maana nikamwomba shangazi. Ungekuja, usingemkuta, ungekaa na mimi na mtoto, kila mtu na raha zake. Nilijua ukisikia yuko hapa hutakanyaga. Nakujua, Mama."

"Hunijui."

"Nakujua. Nilitaka uje, na nilitaka usijue."

"Na siku ya kujifungua? Mumeo yuko barabarani. Mimi umenisukuma mwezi ujao. Ulitaka ujifungue na nani?"

Hapo angesema lolote jingine, ningenyamaza. Angesema manesi wapo, ningenyamaza.

"Baba yupo," akasema.

Baba yupo!

Yupo! Ulipougua surua alikuwepo? Ulipofukuzwa shule kwa ada, nani alikaa mlangoni kwa mwalimu mkuu hadi akaona haya? Nani alikushonea gauni la harusi kwa masazo ya magauni ya wenzio, na hakuna aliyegundua? Yule akanunua nyumba, akajaza betri redio yake, na leo hii amekuwa yupo, na mimi nimekuwa wa kupangiwa tarehe asije akanikuta!

Hayo yote niliyasema, kwa sauti iliyowatoa fundi viatu na muuza chipsi nje ya maduka yao. Na sikuishia hapo. Nilisema na jingine, ambalo ningekuwa na uwezo ningelirudisha mdomoni kwa mikono miwili.

Nilisema, "Basi kama yupo, zaa na baba yako!"

Wifi akafunua uso. "Wifi, hapana," akasema. "Hapana, hilo futa."

Sikufuta.  Upande wa pili nikasikia pumzi tu, fupifupi, halafu ndefu moja.

"Mama," akasema binti.

"Usiniite."

"Mama, nimelowa."

"Umelowa nini?"

"Maji. Yamemwagika yenyewe, yamejaa sakafuni. Mama, bado wiki ngapi? Si bado? Mama, ule mgongo..." Na akapiga kelele ambayo mimi naijua, kwa sababu niliwahi kuipiga mwenyewe, siku aliyozaliwa yeye.

Simu ikaanguka. Nikasikia kiti kinaburutwa. Nikasikia jina lake likiitwa kutoka chumba cha mbali, na miguu ikija mbio.

"Mwanangu!" nikaita. "Mwanangu, shika simu! Mama hakumaanisha! Shika simu!"

Nikasikia mlango wa jirani ukigongwa, miguu ikirudi, kisha kuna mtu akaiokota.

"Haloo? Nani huyu?"

Sauti imeingia mikwaruzo, imezeeka, lakini ilikuwa ile ile.  Sikusema kitu, na yeye akanitambua kwa kutosema huko. Akaniita kwa jina alilokuwa akiniita yeye peke yake, ambalo hapa siliandiki.

"Ni wewe," akasema. "Nimegonga kwa jirani, anawapigia hospitali waje na gari. Lakini ameshika meza, anatetemeka, hataki nimguse, anakutaka wewe. Mimi sijui kitu. Hata siku aliyozaliwa sikuingia chumbani, unakumbuka, nilikaa nje. Niambie nifanye nini."

Wifi alikuwa amesimama, mikono kichwani. Mama Vifungo ananivuta mkono, ananong'ona, "Sema, sema, sema."

Miaka yote hii nimejiandaa kwa sauti hiyo. Nimeipangia maneno nikiwa naosha vyombo, nikiwa natunga uzi, maneno ambayo angeyasikia akatamani ardhi impasukie. Yalikuja yote kwa pamoja, yakajaa mdomoni, na huku nyuma ya sauti yake mwanangu alikuwa akiita mama, mama, mama.

"Haloo?" akasema yule mtu. "Usikate. Nakuomba usiondoke. Upo?"